Usianze na boila: nilivyojenga Garratt ya lego inayojiendesha

Wengi tukitaka kujenga treni ya lego yenye mota tunaanza na sura, boila, kebini, bomba la moshi, na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilitaka 59 class, treni za mvuke za aina ya Garratt, yale majitu ya East African Railways yaliyoundwa Manchester na Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, yalikuwa 34 na kila moja lilipewa jina la mlima. Mount Gelai, namba 5918, bado lipo pale makumbusho ya reli Nairobi, nenda ukasimame kando yake uone ulivyo mdogo. Babu yangu alifanya kazi reli na alikaa Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli Nairobi, so hii kitu kwangu ilikuwa kama deni. Miezi miwili nikajenga, likapendeza kweli kweli, nikaliweka kwenye reli, likafika kona ya kwanza likalala ubavu kama ng'ombe.

Shida haikuwa mota. Kona ya kawaida ya lego ina nusu kipenyo ya kama sentimita 32 tu, na mimi nilikuwa nimeunda kitu cha sentimita 66 (mita karibu 32 za lile halisi ukigawa kwa 48) kikiwa kipande kimoja kigumu. Na ujinga ni kwamba Garratt yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya kona! Injini mbili, moja mbele chini ya tangi la maji, nyingine nyuma, halafu boila imelala katikati imebebwa na pivoti mbili (sehemu za kugeukia), kila injini inageuka kivyake. Nikabomoa yote nikaanza upya na magurudumu peke yake, bila mwili.

Kila injini ina ekseli nne za kuvuta. Usiweke magurudumu yenye ukingo (ule mdomo unaoshika reli kwa ndani) kwenye zote nne, yatakwama, weka ukingo kwa ya kwanza na ya mwisho tu, zile mbili za katikati tumia magurudumu laini yasiyo na ukingo, yatateleza juu ya reli kwenye kona na hakuna atakayejua. Halafu fimbo za kando, zile zinazounganisha magurudumu: kulia na kushoto lazima zipishane robo mzunguko. Ekseli ya lego ina umbo la msalaba so robo inajipata yenyewe, lakini ukikosea gurudumu moja tu, kila kitu kinagoma. Mimi nilisikia gia zinalia tatatatata nikadhani mota imeungua, nikaagiza nyingine, pesa imeenda, kumbe ni gurudumu moja la nyuma nililichomeka vibaya. Kabla hujaweka mota, sukuma injini kwa kidole kimoja kwenye reli. Isipotembea laini kwa kidole, mota haitakusaidia.

Mota niliweka mbili, moja ndani ya tangi la mbele, moja ndani ya tangi la mafuta nyuma. Sasa hapa ndipo nilicheka mwenyewe, nikawasha, injini moja inaenda Mombasa nyingine inaenda Kisumu. Mota zinatazamana, so zinazunguka kinyume. Dawa ni rahisi, kwenye injini moja hamisha ile gia ya kona (inayopindisha mzunguko kutoka mota kwenda ekseli) uiweke upande wa pili wa gia mwenzake, mwelekeo unageuka. Kikasha cha betri, zile ndogo sita, kikae kwenye boila katikati, uzito unagawanyika kwa injini zote mbili na magurudumu yanashika reli. Nyaya za kwenda kwenye mota ziache zilegee kidogo pale kwenye pivoti, zikikaza zinavuta injini nje ya reli.

Na usijisumbue sana na vipimo. Reli ya 59 class ina upana wa mita moja, kwa skeli yangu ingekuwa kama milimita 21, ya lego inakaribia 38. Ni kosa kubwa hilo na hakuna mtu hata mmoja ameshaliona.

Wanachoona ni rangi. Lile la kweli ni maruni, na vipande vya maruni vya kuzungushia boila ni adimu na ni ghali, so kwa sasa upande mmoja ni maruni, mwingine ni nyekundu tu. Nikialika watu nageuza ule upande mzuri uangalie kochi.