Silkie au Sebright kwa mvua ya Kakamega?

SWALI: Habari zenu. Niko Lurambi hapa Kakamega, niko na kienyeji nane na jogoo mmoja, na nyuma ya nyumba nafasi ni ndogo tu. Nimeona kuku za bantamu, wale wadogo wadogo, kwa simu nikazipenda sana, hasa Sebright na ile Silkie inakaa kama pamba. Shida yangu ni kienyeji wangu wanataga poa lakini hawalalii, wanaamka katikati wanaacha mayai yakipoa. Nichukue gani? Na ni lazima ninunue na jogoo wake?
Mama Vifaranga, Kakamega

JIBU: Mama Vifaranga, pole kwa hayo mayai, najua vile inauma kuyapasua ukute kifaranga alikuwa ameshaanza kuumbika. Sebright achana naye kwanza. Ni mrembo kweli, kila unyoya umezungushwa mstari mweusi, lakini huyo alitengenezwa Uingereza na Sir John Sebright mwanzoni mwa miaka ya 1800 kwa ajili ya urembo tu, anataga kidogo, kulalia ni nadra, na mayai yake mengi hayaangui. Kwa shida yako hatakusaidia.

Chukua Silkie, majike wawili. Huyo akishataga mayai yake kumi na kitu anakwama kwa kiota, na hajali yai ni la nani, muwekee ya kienyeji na atayalalia zile siku 21 zote. Lakini usimzidishie, mwili wake ni mdogo, matano ama sita yanatosha, yakizidi yale ya pembeni yanapoa na umerudi palepale.

Sasa mvua, hapo ndio nataka unisikize vizuri maana mimi wangu wa kwanza alinifia hivyo. Manyoya ya kuku wa kawaida yana vikulabu vidogo sana vinavyoshikana ndio maji yanateleza, ya Silkie hayana, kwa hivyo maji yanaingia mpaka kwa ngozi. Wangu alinyeshewa jioni moja tu, nikamkuta amejikunja kwa kona kama tambara la kupanguzia meza, anatetemeka, na asubuhi alikuwa ameenda. Kwa hivyo mjengee banda lake lenye mabati, sakafu iinuke juu ya matope, mwage vumbi la mbao na ubadilishe likiloa. Kiota kiwe chini kwa sababu hawezi kuruka.

Jogoo wake huhitaji, mayai ya kuangua ni yale yako ya kienyeji na jogoo unaye. Ila huyo jogoo wako usimwache kwa hao wadogo, ni mzito atawaumiza mgongo.

Ukienda kununua mshike mwenyewe. Hesabu vidole, viwe vitano kila mguu, fungua manyoya uone ngozi kama ni nyeusi, kisha pekua miguuni maana viroboto na wale wadudu wa magamba wanajificha humo. Ukifika nyumbani mtenge na wengine wiki mbili au tatu hivi, na uulize agroveti chanjo ya kideri (Newcastle) kabla hujawachanganya.

Siku utakayomwekea mayai andika tarehe kwa kalenda ya ukutani, na kuanzia siku ya 18 usiyaguse tena, mpe tu maji na chakula karibu.