Sayari Gani Ina Joto Kuliko Zote? Maswali ya Timu za Chemshabongo

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mashindano ya maarifa ya jumla, na kwa walimu wanaowanoa. Nimetunga maswali ya mashindano hayo na kukaa kwenye meza ya majaji kwa miaka 19, kwa hiyo safu nzima nawaachia wao. Baadhi ya barua nimezifupisha.

Mwalimu, shikamoo. Timu yetu iliulizwa ni sayari ipi yenye joto kali kuliko zote. Tulijibu Zuhura. Jaji akasema jibu ni Utaridi kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua, tukakosa alama. Je, tulikosea?
*Wanafunzi wanne wa sekondari*

Marahaba, wanangu. Hamkukosea. Zuhura ndiyo yenye joto kali kuliko sayari zote zinazolizunguka Jua letu. Juu ya uso wake joto ni kama nyuzi 465 za Selsiasi, na risasi huyeyuka ikifika nyuzi 327 tu.

Utaridi iko kilomita milioni 58 hivi kutoka kwenye Jua, Zuhura iko milioni 108. Ndiyo maana jibu la jaji wenu linaingia akilini upesi. Lakini kuwa karibu na moto ni jambo moja, kulitunza joto lake ni jambo jingine. Utaridi karibu haina angahewa. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 430, usiku ukiingia lote hupotea angani na baridi hufika nyuzi 180 chini ya sifuri. Zuhura imejifunika angahewa nzito ambayo asilimia 96 yake ni kabonidayoksaidi, gesi inayopitisha mwanga wa Jua lakini inayozuia joto lisitoke. Kwa hiyo kule usiku na mchana joto ni karibu lile lile. Mwaka 1982 chombo cha Umoja wa Kisovieti, Venera 13, kilitua huko na kudumu dakika 127, na hizo zilikuwa nyingi kuliko zilizotarajiwa.

Barua yenu imenigusa kwa sababu nimewahi kuwa jaji huyo. Ilikuwa raundi ya mwisho, timu mbili zimepishana alama moja. Msichana wa timu iliyokuwa nyuma alibonyeza kengele kabla sijamaliza kusoma, akasema, "Zuhura." Kadi yangu ilisema Utaridi. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe, kwa kumbukumbu, bila kufungua kitabu. Nikamwambia si sahihi. Hakubisha, aliinamisha macho tu mezani. Usiku ule nilifungua kitabu cha elimu ya anga na usingizi ukanipaa. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi, nikawaandikia na waandaaji, lakini matokeo yalishatangazwa na kikombe kilishachukuliwa na wengine.

Tangu siku hiyo kila kadi yangu huandikwa pande zote mbili. Mbele huwa na swali na jibu, nyuma huwa na sababu ya jibu. Sababu ikinishinda kuieleza kwa sentensi mbili, swali hilo haliingii ukumbini.

Nanyi safari nyingine kateni rufaa hapo hapo, kabla swali linalofuata halijasomwa, kwa sauti ya utulivu, na msiseme "tuna uhakika." Semeni "angahewa ya kabonidayoksaidi." Jaji mwungwana atasimama kuisikiliza sababu. Na mkikuta kitabu kinachoiita Utaridi kwa jina la Zebaki, ni sayari ile ile. Mezani kwangu majina yote mawili yanapata alama.

Mwalimu, Afrika ina nchi 54 au 55? Kila kitabu kina lake.
*Kapteni wa timu*

Vyote viwili ni sahihi, inategemea nani anahesabu. Wanachama wa Umoja wa Mataifa walio Afrika ni 54, wa mwisho kuingia akiwa Sudan Kusini, Julai 2011. Umoja wa Afrika una wanachama 55, kwa sababu unaitambua pia Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahrawi (Sahara Magharibi, eneo ambalo Moroko inalidai kuwa lake), ambayo haimo katika Umoja wa Mataifa. Suala hilo ndilo lililoifanya Moroko ijitoe katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mtangulizi wa Umoja wa Afrika, mwaka 1984. Ilirudi katika Umoja wa Afrika mwaka 2017.

Swali likisomwa bila kutaja chombo, jibu kwa ukamilifu: "54 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa." Maneno sita ya nyongeza yanakulinda. Kama wewe ndiye mtunzi, yaweke maneno hayo ndani ya swali lenyewe, maana si haki kumwachia mtoto aliye mbele ya kengele kazi ambayo ilikuwa yako.

Binti yangu aliulizwa mlima mrefu kuliko yote duniani, akajibu Chimborazo. Alikuwa amesoma hivyo mahali. Wenzake walimlaumu hadi akalia. Je, alisoma uongo?
*Mzazi*

Mzazi mwenzangu, hakusoma uongo. Alisoma jibu la swali jingine.

Dunia si tufe kamili, imetuna katikati. Kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, na hadi kwenye ncha ni 6,357. Chimborazo, ulioko Ekuador, una mita 6,263 tu juu ya usawa wa bahari, lakini umesimama karibu kabisa na ikweta, juu ya huo mtuno. Kwa hiyo kilele chake kiko mbali zaidi na kitovu cha Dunia kuliko kilele cha Everest, kwa takriban kilomita mbili. Hilo ndilo alilolisoma, na ni kweli tupu.

Upo na mlima wa tatu kwenye ugomvi huu: Mauna Kea, wa visiwa vya Hawaii. Juu ya maji unaonekana mita 4,207, lakini umeanzia sakafuni mwa bahari, na ukiupima kutoka huko unazidi mita 10,000. Everest unashinda kwa kipimo tulichokizoea, yaani kimo cha kilele juu ya usawa wa bahari: mita 8,848.86, kwa vipimo ambavyo Nepal na China zilivitangaza pamoja Desemba 2020.

Kwa desturi ya mashindano, swali lisipotaja kipimo hukusudia usawa wa bahari, kwa hiyo jaji alikuwa na haki ya kutotoa alama. Lakini mwambie binti yako kwamba mtoto anayejua Chimborazo ni mtoto aliyesoma zaidi ya orodha. Mwambie nimesema kwamba ningependa awe kwenye timu yangu. Anachohitaji ni kusikiliza swali hadi nukta ya mwisho na kujiuliza: linapima kutoka wapi?

Karne ya 21 ilianza lini? Na mwaka 1900 ulikuwa mwaka mrefu?
*Msomaji wa shule ya msingi*

Tarehe 1 Januari 2001, kwa sababu kalenda haina mwaka sifuri. Inatoka mwaka 1 kabla ya Kristo na kuingia mwaka 1 baada yake. Na mwaka 1900 haukuwa mrefu. Mwaka unaoishia na sifuri mbili lazima ugawanyike kwa 400 bila baki ndipo upate Februari ya siku 29. Mwaka 2000 ulifaulu mtihani huo, 2100 hautafaulu.

Swali lilikuwa "Nani aligundua simu?" Sisi tukasema Alexander Graham Bell, wapinzani wakasema Antonio Meucci. Majaji wakabishana robo saa. Wewe ungeamuaje?
*Mwalimu wa timu*

Mwalimu mwenzangu, mimi ningeanza na kitenzi. Kugundua ni kukuta au kubaini kitu kilichokuwapo tayari: oksijeni iligunduliwa, haikutengenezwa na mtu. Kubuni ni kuunda kitu ambacho hakikuwapo. Kuvumbua kwa mazoea yetu hubeba maana zote mbili. Simu haikuwa imejificha porini ikisubiri mtu apite. Ilibuniwa, na ilibuniwa na mikono zaidi ya mmoja.

Meucci, Mwitaliano aliyehamia Marekani, aliwasilisha taarifa ya awali ya chombo chake mwaka 1871, lakini baada ya 1874 hakuilipia tena. Tarehe 14 Februari 1876 maombi ya Bell na taarifa ya mbunifu mwingine, Elisha Gray, yalifika siku ile ile kwenye ofisi ya hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mbunifu. Bell alipewa hataza tarehe 7 Machi 1876. Siku tatu baadaye sauti yake ilisikika kwenye waya, akimwita msaidizi wake Watson aliyekuwa chumba kingine.

Kwa hiyo ningewapa alama ninyi, kwa kuwa Bell ndiye jibu linalokubalika vitabuni, kisha ningelifuta swali lile kwenye sanduku langu na kuandika jipya: "Nani alipewa hataza ya simu nchini Marekani mwaka 1876?" Hilo halina ubishi. Majaji wakibishana robo saa, mwenye kosa ni aliyeandika kadi. Hata oksijeni niliyoitaja inahitaji uangalifu: Scheele aliipata kwanza, Priestley akaitangaza kwanza, Lavoisier ndiye aliyeipa jina. Ukiuliza "nani aliipa jina," unalala usingizi.

Nashindwa kukariri alama za elementi. Kwa nini sodiamu ni Na na dhahabu ni Au? Nimeandika mara mia na bado zinaniponyoka.
*Mwanafunzi, mwaka wa kwanza wa kemia*

Mwanangu, weka kalamu chini kwanza. Zinakuponyoka kwa sababu unazishika kama herufi tupu, na herufi tupu hazina mpini. Kila moja ni kipande cha neno, na neno lina hadithi yake.

Dhahabu kwa Kilatini ni *aurum*, ndiyo Au. Fedha ni *argentum*, Ag. Chuma ni *ferrum*, Fe. Risasi ni *plumbum*, Pb. Bati ni *stannum*, Sn. Sodiamu ni *natrium*, Na.

Potasiamu ndiyo ninayoipenda zaidi. K yake ni ya *kalium*, na neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, *al-qali*, majivu ya mimea. Watu wa kale walichoma mimea, wakaloweka majivu na kupata chumvi za kutengenezea sabuni na kioo. Neno "alkali" unalolikuta kwenye somo la asidi na besi ni hilo hilo. Ukishalijua hilo, K haitakutoka tena.

Zebaki ni Hg, kutoka *hydrargyrum*, neno lenye asili ya Kigiriki: maji na fedha, yaani fedha inayotiririka. Umewahi kuiona ikikimbia ndani ya kipimajoto cha zamani? Basi walioipa jina hilo waliona kitu hicho hicho. Tangsteni ni W kwa sababu jina lake jingine ni wolframu.

Elementi zilizotambuliwa ni 118, na nyingi alama zake hufuata jina moja kwa moja. Zinazosumbua hazifiki dazeni. Chukua mbili kwa siku, umsimulie mtu wa nyumbani hadithi yake, asiwe mwanafunzi mwenzako. Ukiweza kumsimulia mtu asiyesoma kemia na akaelewa, imeshakaa.

Nimerithi daftari la maswali 2,000 kutoka kwa mwalimu aliyestaafu. Ni hazina, lakini nimeshaona majibu kadhaa yaliyopitwa na wakati. Nilitupe nianze upya?
*Mwalimu mpya wa chemshabongo*

Usilitupe, tafadhali. Maswali 2,000 yaliyoandikwa kwa mkono ni miaka ya maisha ya mtu. Chukua kalamu ya rangi nyingine upite nalo taratibu, na kando ya kila jibu linaloweza kubadilika uandike mwaka uliolihakiki.

Yanayobadilika utayazoea. Miji mikuu ni kundi moja: Kazakhstan iliuita mji wake mkuu Nur-Sultan mwaka 2019, ikarudia Astana mwaka 2022. Burundi ilihamishia makao makuu ya kisiasa Gitega mwaka 2019, Bujumbura ikabaki kitovu cha biashara. Majina ya nchi ni kundi jingine, maana Swazilandi imekuwa Eswatini tangu 2018. Rekodi za michezo huzeeka haraka kuliko vyote, hizo mimi siziulizi bila kutaja mwaka.

Na anga, ambako watu hudhani hakuna kinachobadilika, ndiko kunakobadilika sana. Daftari la zamani litakuambia sayari ni tisa. Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliitoa Pluto kwenye orodha Agosti 2006, zikabaki nane. Litakuambia pia kwamba Mshtarii ndiyo yenye miezi mingi. Mwanzoni mwa 2023 hilo lilikuwa kweli. Mei mwaka huo huo Zohali ikaipita, na Machi 2025 ikaongezewa miezi 128 kwa mpigo, jumla 274. Mtoto aliyekariri kutoka kitabu cha miaka michache tu iliyopita atakosa alama ingawa alisoma kwa bidii, na hilo si kosa lake.

Jibu la zamani usilifute kabisa. Likate kwa mstari mmoja ili lisomeke, andika jipya chini yake, na nyuma ya ukurasa andika kilichobadilika na sababu yake. Anza na ukurasa wa sayari. Ukifika kwenye swali la joto, angalia kama limeandikwa Utaridi.