Jibu: Nguo nyeusi zinatoka kwenye mashine na michirizi myeupe

Habari ndugu. Unasema suruali zako nyeusi zinatoka na michirizi myeupe, na ukiongeza sabuni ndiyo inazidi. Kwanza pangusa mchirizi mmoja kwa kitambaa chenye unyevu, usubiri pakauke. Ukipotea kabisa, ni mabaki ya sabuni. Ukirudi vilevile, huenda rangi imechujuka, na kusuuza hakutasaidia.

Kama ni sabuni, zirudishe mashineni bila sabuni yoyote, maji ya uvuguvugu, na nusu kikombe cha siki nyeupe wakati wa kusuuza. Siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, inatoa gesi ya sumu!

Sweta langu jeusi lilinisumbua miezi. Siku moja nikakunjua mshono wa kwapani, nikakuta chembe za sabuni zimegandamana kama chokaa. Tangu hapo sabuni ya unga naiyeyusha kwanza kwenye maji moto, natia nusu ya nilichozoea, na mashine siishindilii: lazima mkono upite juu ya nguo. Zikibanana, maji hayapenyi. Kama maji yako ni magumu, yaani yenye madini mengi, jaribu sabuni ya maji.