Mradi mpya umekataa kupanda GitHub

Swali: Shikamoo kaka. Niko Moshi, natengeneza mfumo wa kutunza mauzo ya kahawa ya AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima) ya kijijini kwetu. Nilifungua ripo (hifadhi ya mradi) mpya GitHub, tovuti ya kutunzia kodi, nikaweka tiki kwenye README, faili la maelezo ya mradi. Nikiandika git push, ili kupandisha kazi yangu, nakataliwa. Nikijaribu git pull, ili kuvuta ya kule, najibiwa "refusing to merge unrelated histories". Mwenzangu ananiambia niweke --force, yaani nilazimishe. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo --force iache kwanza. Kwako ingefuta README tu, hasara ndogo, lakini mkono ukishaizoea, siku moja utafuta kazi ya wenzako wiki nzima.

Ile tiki ndiyo chanzo. GitHub ilitengeneza komiti (rekodi ya mabadiliko) yake ya kwanza kulekule, na wewe ukaanza yako kwenye kompyuta. Historia mbili, hazina babu mmoja. Tangu toleo la 2.9 la mwaka 2016, Git haiunganishi historia za namna hiyo mpaka uiagize waziwazi, usije ukachanganya miradi miwili kwa bahati mbaya.

Ila kabla ya kuunganisha, kagua ulichokiweka kwenye komiti kwa git ls-files, inayoorodhesha mafaili. Hapa naomba uwe makini kweli. Mfumo wa AMCOS una majina ya wakulima, namba zao za simu na malipo yao. Ukikuta faili la mipangilio la .env lenye nywila, au chelezo (nakala ya akiba) ya hifadhidata, viondoe. Kuandika jina la faili kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git iyaruke) peke yake hakutoshi, kwani Git ikishalishika faili hailiachii. Ukishayaandika majina humo, andika:

git rm --cached .env chelezo.sql
git add .gitignore
git commit --amend

Mafaili yanabaki kwenye kompyuta yako, yanatoka kwenye komiti. Nimedhani una komiti moja tu. Zikiwa nyingi, tumia git filter-repo, programu ya kusafisha historia nzima. Mimi hapa Arusha niliwahi kupoteza mchana mzima kwa chelezo iliyozidi MB 100, kiwango ambacho GitHub haipokei. Nililifuta faili, nikaweka komiti mpya, nikakataliwa vilevile, maana komiti ya zamani bado ilikuwa imelibeba.

Sasa endelea:

git branch -M main
git pull origin main --no-rebase --allow-unrelated-histories
git push -u origin main

Mstari wa kwanza ni kwa sababu huenda tawi lako (mkondo wa komiti zako) linaitwa master, wakati GitHub hutumia main tangu Oktoba 2020. Kama nawe una README, mgongano utatokea: fungua faili hilo, bakiza maneno unayoyataka, kisha git add na git commit.

Ukiombwa nywila, weka tokeni, msimbo wa siri unaoutengeneza kwenye akaunti yako ya GitHub. Nywila ya akaunti haikubaliwi tena kwenye git push tangu Agosti 2021.

Mradi ujao ukiwa tayari una folda, fungua ripo tupu, bila ile tiki.