Masikio mazima, lakini kila swali analisikia kama lawama

Swali: Daktari, mke wangu anatibiwa sonona tangu mwezi wa nne. Nikimuuliza jambo kwa sauti ya kawaida, anasema nimemfokea. Wageni wakija hafuati mazungumzo. Kipimo cha masikio kimetoka vizuri. Je, ananikwepa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hakukwepi, na majibu ya kipimo nayaamini. Ila kipimo chenyewe hufanyika katika chumba kimya: mtu anavaa hedifoni, analetewa mlio mmoja mmoja, anabonyeza kitufe akiusikia. Kinaonyesha kama sauti inafika. Ubongo unaifanyia nini ikishafika, hilo halimo, na ndiko sonona inakoharibu mambo.

Chukua "Umepika?" Kinacholifanya liwe swali na si taarifa ni mpando wa sauti tu, na mpando huohuo ndio unaobeba upole au ukali. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa mwenye sonona huelekea kuipokea sauti isiyo na hisia yoyote kama ya huzuni au hasira, na ile ya furaha humpita. Wewe umeuliza, yeye amelaumiwa. Hatungi, ndivyo ilivyomfikia. Kwa hiyo kubishana "sikufoka" ni kupoteza muda. Taja sababu pale pale: "Umepika? Kama bado, nipitie chipsi."

Suala la wageni ni jingine. Kumfuata msemaji mmoja katikati ya wengine kunataka umakini, na kunataka kumbukumbu ya kushika mwanzo wa sentensi hadi mwisho wake ufike. Sonona hudhoofisha vyote viwili. Ndiyo maana ngurumo ya jenereta inaweza isimsumbue sana, lakini watu wawili wakipiga soga pembeni anapotea kabisa: hapo ni maneno yanashindana na maneno. Zimeni televisheni, kaeni wachache, na asemaye amtazame.

Kifaa cha kusikia usinunue, hata ukishawishiwa dukani. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na umakini mara nyingi hukawia kurudi hata usingizi na hamu ya kula vikisharejea. Mwelezeni daktari wake hilo waziwazi, kwa sababu asipoambiwa ataona mgonjwa analala na kula vizuri, aandike amepona.

Akianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, hasa zinazomtukana au kumwamuru ajidhuru, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.