Barua kwa mwanangu: 144 na 192 hazifanyi 336

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Sisi wa Lamu wazima, na mamako anakusalimu sana. Umeniuliza hiyo j inafanya nini kwenye hesabu za umeme wa AC, yaani ule unaokwenda mbele na kurudi nyuma, ilhali mita haina j. Nitafika huko, ila nianze na mita.

Chukua saketi yenu ya maabara: resista ya omu 30 na koili ya henri 0.127 kwa mfululizo, volti 240, hezi 50. Kwa hezi 50 koili hiyo inapinga kama omu 40, yaani 2πfL. Pima juu ya resista, utapata 144. Pima juu ya koili, 192. Jumla 336, na ukutani zinatoka 240! Wengine watasema mita mbovu. Wengine watasema 336 ni ule ukomo wa wimbi la 240, yaani kilele chake, 339. Ni sadfa tu. Mita zote hizo zinasoma rms, yaani thamani ya wimbi kwa kazi linayofanya, si kilele chake.

Chora kwanza. Katika mfululizo mkondo ni mmoja, kwa hiyo uchore wa kwanza, mshale uliolala kuelekea kulia. Volti ya resista inakwenda sambamba nao, urefu 144. Volti ya koili inautangulia mkondo kwa robo mzunguko, basi isimamishe wima, 192. Funga pembetatu: 240 kamili, nyuzi 53.1 juu ya mkondo. Mishale hiyo ndiyo fazori: urefu ni rms, pembe ni kutangulia au kuchelewa. Na j ni amri ya kuugeuza mshale robo mzunguko kinyume cha saa. Ugeuze mara mbili, unatazama nyuma. Ndiyo maana j mara j ni −1. Omu 30 + j40 ni omu 50 kwa nyuzi 53.1, na mkondo ni ampea 4.8. Mhandisi Steinmetz aliwaonyesha wenzake njia hii Chicago mwaka 1893, nao wakapumzika na msururu wa sine na kosine.

Wakumbuka ule mtambo wa barafu wa karibu na gati, alikofanya kazi ami yako? Mota ilikuwa ikivuta mkondo mwingi, waya wa kuingilia ukipata moto. Tukafunga kapasita sambamba na mota. Mita ya kubana, ile inayoukumbatia waya na kusoma mkondo, ikashuka kwenye waya mkuu, lakini kwenye waya wa mota haikutikisika. Mwenye mtambo akatazama, akacheka mbele za watu: "Mita yenu imekufa. Jumla itakuwaje ndogo kuliko kimoja?" Kapasita ikang'olewa siku hiyo hiyo.

Ifanye kwa saketi yako. Sasa ni sambamba, volti ndiyo ya wote, basi ianze volti. Ampea 4.8 zinachelewa nyuzi 53.1: 2.88 ziko pamoja na volti, 3.84 zinaning'inia chini. Weka kapasita ya mikrofaradi 51: mkondo wake unaitangulia volti robo mzunguko, kwa hiyo inavuta 3.84 kwenda juu. Zinauana. Waya mkuu unabaki na 2.88, huku koili ina 4.8 yake na kapasita 3.84 yake. Jumla ni ndogo kuliko kila kimoja, na mita nzima kabisa!

Ila, nisimdhulumu. Mita ya uniti haihesabu zile 3.84, wati ni 691 kabla na baada, kwa hiyo bili yake isingeshuka. Kweli. Lakini waya wake ungepoa, na alichokikataa si bili, ni hesabu. Nina neno la kumwita, mamako ameniambia nisiliandike.

Ukifanya hivyo maabara, kapasita iwe imeandikwa AC, volti 400 au zaidi. Ile ya 250 DC itapasuka, kwa sababu wimbi linafika 339 kila mara. Na iwe na resista ya kuimaliza chaji ukizima, la sivyo itakungoja.

Chora kwanza, hata mwalimu akianza na j. Mishale inajumlishwa ikiwa hezi ni moja tu. Chaja na balbu za LED huleta hezi 150 na kwenda juu, na hizo kila moja ina mchoro wake. Koili halisi ina ukinzani wa waya wake pia, hivyo 192 yako itashuka kidogo, na pembe yake haitafika 90. Kwenye kikokotoo, pembe ya fazori huandikwa kwa nyuzi lakini ωt, yaani 2πf mara muda, ni radiani. Kabla ya kubonyeza, angalia kipo kwenye nyuzi au radiani. Na tan inverse haijui kama mshale unatazama kulia au kushoto, mchoro unajua.

Nitumie picha ya mchoro, majibu baadaye.

Babako