Acheni Kuinyamazisha Ilimba: Kwa Mlioanza Muhula Huu

Wadogo zangu mliofika TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo, muhula huu, karibuni sana. Nawapenda, ndiyo maana nitasema kwa ukali kidogo. Juzi nimemkuta mmoja wenu kakaa ngazini nje ya chumba cha mazoezi, kabandua utando wa buibui kwenye tundu la ilimba yake, lile sanduku la Wagogo lenye ndimi za chuma za kudonoa kwa magumba, na kuliziba tundu lenyewe kwa nta, kisa sauti “inakwaruza”. Pembeni kaweka simu yenye programu ya kupimia noti, anagonga ulimi mmoja mmoja mpaka mshale usimame katikati. Kila kundi jipya halikosi mtu wa namna hii.

1. Ule mkwaruzo umewekwa makusudi. Fundi alihangaika kuutafuta utando na kuubandika ili sauti itetemeke ikitoka sandukuni. Ukiuondoa unabaki na milio mitupu isiyotaka kuchanganyika na zeze wala na koo la mtu. Tena kwenye ilimba kubwa, za aina aliyokuwa akipiga marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki hapahapa Bagamoyo mwaka 2003, zipo ndimi ambazo hazidonolewi kabisa. Zipo ili ziitike nyingine zinapopigwa. Sasa wewe mwenye kutaka kila sauti uitawale mwenyewe, hizo utazifanyaje?

2. Zimeni programu ya noti. Imepangwa kwa piano, na ilimba haikuzaliwa na piano. Chukua uzi wa zeze, uguse kidogo katikati, kisha kwenye theluthi, robo, sehemu ya tano, endelea hivyo. Sauti zinazotoka zenyewe ndizo Wagogo wanazoimbia. Ile ya sehemu ya saba iko chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo kwa kama theluthi ya nusu-toni, hatua ndogo kabisa ya piano. Programu itakwambia umekosea. Ukiitii, umeivunja ilimba iliyokuwa sawa, na kwenye kwaya ya Kigogo wewe ndiye utakayewatoa wenzio kwenye sauti.

3. Pigeni na watu mngali wabovu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa pananiuma.

Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa akikaa chini ya mwarobaini kila baada ya alasiri. Anaanza kupiga, anayetaka anaingia. Akiniona napita ananiita, “Njoo mwanangu, njoo na hichohicho ulicho nacho.” Namjibu, “Shikamoo mzee, bado haijakaa sawa, nitakuja wiki ijayo.” Kisha naenda kujifungia. Gumba langu la kushoto lilikuwa linachelewa, nami kila nikilisikia limechelewa naanza wimbo upya toka mwanzo. Wenzangu walikwenda kwa mzee na vibovu vyao. Nikiwa dirishani nilikuwa nawasikia wanakosea, mzee anacheka, anawapisha, wanaingia tena. Nikawaona hawana nidhamu.

Mzee akarudi kwao Dodoma. Mimi nikatoka chumbani na wimbo wangu umenyooka, nikakaa na wenzangu, tukaanza. Hapo ndipo nilipojua kwamba mikono yangu ina upande mmoja tu. Zikikutana ilimba mbili, moja inauliza na nyingine inajibu kwenye nafasi iliyoachwa, na kujibu hujifunzi chumbani kwa sababu chumbani hakuna anayekuuliza. Wale niliowadharau walijua kusubiri, kuingia, kuokota mdundo ulioanguka na kusonga mbele. Hata gumba linalochelewa wao walikuwa wameshalizoea. Mwenzio anakungoja au anakupita, wimbo haufi. Kujibu nilikuja kufundishwa na watu wengine baadaye sana. Lakini mzee yule alikuwa anabadili jibu kila wimbo uliporudi mwanzo, na namna yake hiyo sikuipata mpaka leo. Wenzangu wanayo.

4. Futeni ndimi kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza, hewa ya bahari inakula chuma. Kucha za magumba msizimalize.

5. Si lazima kila kitu kiende jukwaani. Tangu Chuo cha Sanaa kianze mwaka 1981, kabla hakijaitwa TaSUBa, wanafunzi wanakuja hapa na hamu ya jukwaa la tamasha, na hamu hiyo ni njema. Ila nina rafiki wa upande wa maigizo anayejua nyimbo mbili tu za ilimba, na ya pili anaikosea palepale miaka yote. Hajawahi kuipigia jukwaani na wala haombi. Jioni anakaa barazani Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo, anapiga, watoto wanakusanyika. Ile sehemu wanaijua. Akiifikia wanaliimba lile kosa pamoja naye, kwa nguvu kuliko wimbo wenyewe, naye uso unamchangamka kama mtu aliyeitwa jina. Nikikaa naye kumwitikia, na mimi napita palepale anapopita. Kwa mtaa ule wimbo ndivyo ulivyo.